Nilienda Nanyuki kununua dawa ya chumbani nisijulikane, nusura nife

Wakuu, habari zenu. Hii sikuambiwa na mtu, ni mimi mwenyewe, na sitaficha kitu. Wa kucheka wacheke sasa tumalizane.

Niko na miaka hamsini na tatu, fundi wa welding hapa Ruring'u. Mwaka jana mambo ya chumbani ilianza kukataa. Sio siku moja, ni miezi.

Sasa sikieni ujinga yangu.

Mama wa kemisti yetu anaimba kwaya na bibi yangu. Ningemwambia nini, aki? Nikaona heri Nanyuki, mahali hakuna mtu ananijua. Jamaa wa duka hakuuliza swali hata moja, prescription ya daktari hakutaka kuona. Nikatoka hapo nikijiona mjanja kabisa.

Shida ni hii: niko na ugonjwa wa moyo. Daktari alinipatia tembe ndogo ya kuweka chini ya ulimi kifua ikibana. Yule mama wa kwaya anajua, ndiye huniuzia. Wa Nanyuki angejulia wapi?

Jumamosi watoto walikuwa kwa nyanya yao. Saa nane mchana nikameza.

Halafu nikasoma karatasi ya ndani ya pakiti. Ndio, BAADA ya kumeza, nitukaneni tu. Imeandikwa ukichanganya na ile tembe ya moyo, presha inaweza kuanguka mpaka ufe.

Nikajiambia haitanipata. Na dawa ilifanya kazi, siwadanganyi. Kisha kifua ikabana.

Bibi aliruka, akaleta tembe ya moyo. "Fungua mdomo, Baba Wambui!"

Nikafunga meno. Nikifungua bila kusema, nimeenda. Nikisema, atajua nimekuwa nikimficha. Na wakuu, kuna sekunde kadhaa nilikuwa nafikiria kunyamaza. Hiyo ndio inaniogopesha mpaka leo.

Nikasema. "Usiniwekee. Nimemeza dawa ya wanaume."

Aliniangalia, akaweka tembe chini, akaita jirani mwenye gari.

Hospitali ni yeye aliongea. Jina ya dawa, saa nilimeza, kila kitu, watu wote wakisikia. Nilitamani kuingia chini ya kitanda! Daktari hakucheka. Alisema hiyo habari ndio imeniokoa, kwa sababu hata wao wangenipatia dawa ya aina ile ile ya moyo.

Moyo ulitibiwa vizuri, mishipa ikazibuliwa. Miezi kadhaa baadaye daktari akanitoa kwa ile tembe ya ulimi, na ndio akaniandikia ya chumbani, dozi ndogo. Moja kwa siku, sio zaidi. Kifua ikibana ni hospitali, na nasema nilichomeza na saa ngapi. Mambo ikisimama ikatae kushuka zaidi ya masaa manne, pia ni hospitali, hakuna kungoja asubuhi.

Mimi niko sawa sana saa hii, bibi ni shahidi.

Siku ile kwa wodi nilimwomba msamaha. Akaniambia, "Nimekuzalia watoto watatu. Ulidhani nitakucheka?" Kisha akalia, na mimi nikalia, mzee mzima.

Hii dawa si mbaya. Ubaya ni kumeza bila daktari kujua unatumia nini ingine.

Comments ziko wazi, matusi pia napokea. Lakini kama umemeza kitu na mtu wa nyumba yako hajui, mwambie kwanza, ndio urudi hapa uandike.