Baba Yake Mama Hortense

Katika ukoo wa Mumba, Edith alikuwa na jina la utani alilolipata kwa jasho lake mwenyewe: Madame Source, yaani Bibi Chanzo. Mchana aliuza uzi, zipu na vifungo sokoni, katika komini iitwayo Kenya, mtaa mmoja wa mji wa Lubumbashi. Wateja wakipungua, alifungua simu na kuingia kwenye mti wa ukoo, ule ukurasa wa mtandaoni ambao ndugu zake walioko Lubumbashi, Kasomeno na Ubelgiji waliujenga pamoja, kila mmoja akiongeza majina aliyoyajua. Yeye ndiye aliyekuwa polisi wao. Ukiandika kitu bila kusema umekitoa wapi, ulikuwa umejitafutia maneno. Binamu yake Liévin aliwahi kuandika kwamba babu yao aliua simba kwa mkuki mmoja. Edith alimjibu hapohapo: "Nani aliona?" Hakuna aliyeona, simba akafutwa, na Liévin akanuna mpaka Krismasi.

Sheria zenyewe hakuzitunga yeye. Tovuti ilidai kila tarehe iwe na chanzo, chanzo kiandikwe kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kukifuatilia, na anayebadilisha kitu aeleze sababu. Edith alizipenda kwa kuwa hazikumwogopa mjomba yeyote mwenye sauti kubwa.

Basi alipopata picha ya msalaba wa babu yake Mumba, aliyezikwa Kilwa ya huko kwao, si ile ya pwani, wenye mwaka 1951, alifurahi kupita kiasi. Aliweka tarehe, akaambatisha picha, akaandika nani aliipiga na lini. Kazi safi kabisa. Kilichomponyoka ni hesabu ya mtoto wa shule: mama yake mwenyewe, Hortense, binti wa Mumba, alizaliwa 1954.

Tovuti ikaweka alama nyekundu. Aliyeiona kwanza ni Gaëlle wa Liège, mjukuu wa Christiane, dada mkubwa wa Hortense. Gaëlle alifundishwa kazi hiyo na Edith, na alifanya kama alivyofundishwa. Alimtoa Hortense chini ya Mumba, kisha akaeleza kwa adabu: "Tantine, mutoto hawezi kuzaliwa myaka tatu nyuma ya kifo ya baba yake. Kama uko na source, nitamurudisha."

Sasa Christiane alikuwa na baba na mama, na Hortense alikuwa na mama tu. Upande wa baba palikuwa peupe. Jumapili hiyo wajukuu, wakitaka kumfurahisha bibi yao, walimwekea simu mbele ya macho.

"Baba yangu iko wapi?" Hortense akauliza.

Bibi akamgeukia Edith, aliyekuwa ameketi karibu. "Ni weye njo unaangaliaka hii kintu. Nani amenitosha, amenifukuza mu familia?"

Edith aliona haya. Wazo la kwanza lililomjia ni kuigeuza ile 1951 iwe 1955, yaishe. Nani angekwenda Kilwa kuhakikisha, na barabara ile? Kidole kilikuwa tayari juu ya kioo. Lakini angekuwa amemfufua simba wa Liévin, tena kwa mkono wake mwenyewe. Aliiweka simu chini, akamuuliza mama yake kama anavyowauliza wengine wote: Mumba alikufa lini?

"Alikufa mbele nizaliwe," Hortense alisema. "Kisha akakufa tena, nyuma ya Indépendance."

"Mama, mutu anakufa mara mbili?"

"We Edith, si balimupyana!"

Ndipo Edith alipojishika kichwa. Kule kwao, mtu mzima akifa, ukoo ulimchagua wa kumpyana, yaani kurithi jina lake, nafasi yake, na enzi zile hata mke wake. Mumba alipozikwa, mpwa wake Mwaba alivishwa shanga nyeupe, na tangu hapo hakuna aliyemwita Mwaba tena. Alikuwa Mumba. Alimwoa mjane, wakamzaa Hortense. Edith aliijua desturi hiyo tangu utoto, ila hakuwahi kuipigia hesabu, maana nyumbani watu husema "baba" na mazungumzo yanaendelea.

"Basi ni mwepesi," alisema kwa nafuu. "Ni bantu babili. Nitafungua page ya Mwaba, nikutie chini yake."

"Na Yaya Christiane, mukubwa wangu?"

"Atabakia kwa Mumba wa kwanza."

Uso wa Hortense ulibadilika. "Njo kusema hatuna baba moja." Aliisukuma simu pembeni. "Tangu mi mutoto, ata mutu moja hakuniitaka mutoto wa mupyani. Sasa weye, mutoto wangu, njo utaiandika, bote basome?"

Edith aliumia, lakini neno la mtu mmoja kuhusu kuzaliwa kwake mwenyewe halikutosha. Alihitaji aliyewaona wale wanaume wawili kwa macho yake, na aliyebaki hai ni Christiane peke yake, huko Kasomeno. Hortense hakutaka apigiwe simu. Miaka yote wawili hao hawakuwahi kuligusa jambo hilo, na aliogopa dada yake angesema nini akiulizwa waziwazi. Mwishowe akasema, "Piga. Mi nitanyamaza."

Edith aliiweka simu kwenye spika, na Christiane hakuhitaji kubembelezwa.

"Baba nilimuona, balimuzika mbele yangu. Nililia sana. Kisha bakavalisha Mwaba bushanga, bakaniambia baba yako njo huyu. Nilikataa ata kumusalimia. Akakuja kuikala pembeni yangu, akasema, 'Ulie tu, mi pia ninamulilia.' Njo yeye alinitia ku masomo. Njo yeye alinioza."

"Na Mama, ni mutoto wa nani?"

"Wa baba."

"Mama mukubwa, baba gani? Wa kwanza ao wa pili?"

Sauti ya Christiane ilipanda.

"Edith, minasema wa baba. Yangu na yake. Andika vile, na andika ni mi Christiane nilisema."

Hortense alijifunika uso kwa kitenge na kulia kwa sauti.

"Nani analia pale?"

"Ni mi, Yaya."

Jioni Edith alifungua ukurasa wa Mwaba, aliyepyana jina la Mumba, akamweka Hortense chini yake. Kama chanzo aliandika jina la Christiane, tarehe ya simu, kwamba aliyaona maziko na upyani, na maneno yake bila kuyanyoosha. Kisha aliomba ruhusa ya Gaëlle kwa jambo moja zaidi. Tovuti ilikubali mtu awe na baba aliyemzaa na baba aliyemlea. Gaëlle alisoma maneno ya bibi yake, akajibu, "Tia, Tantine." Mstari wa pili ukatoka kwa Mwaba kwenda kwa Christiane, na wale dada wawili wakakaa bega kwa bega chini ya mwanamume mmoja.

Hortense aliutazama mstari ule muda mrefu. "Mutu anaweza kuufuta?"

"Anaweza, Mama. Lakini lazima aseme sababu."

"Basi akuje aniambie mi hiyo sababu."