Mwanamke Asiye na Kichwa

Miaka ile bendera ya Mwingereza ingali inapepea bomani Newala, mimi nilikuwa mwalimu mpya Masasi, na sanaa kwangu ilikuwa picha za kalenda. Sura ifanane na sura, basi. Kina mama wa kanisa walikuwa wamemwagiza mjomba wangu, mchonga vinyago wa Chilangala, awachongee mwanamke mwenye mtungi wa maji, zawadi ya muuguzi wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Nikatumwa mimi kukichukua kinyago, kwa kuwa nimesoma. Kichwa kikanivimba.

Nilipanda lori hadi Newala, nikamalizia kwa miguu. Baada ya shikamoo na marahaba, mjomba akafunua gunia. Miguu ipo, kiuno kipo, shingo nene iliyopinda kama mzizi, na juu ya shingo, mtungi.

"Mjomba, kichwa kiko wapi?"

"Hukioni?"

"Sikioni."

"Basi hata mwenyewe hana habari nacho," akasema, akaendelea kunoa patasi.

Nilikasirika kwelikweli. Ningewaambia nini kina mama walioniamini? Alipokwenda shambani nikatoa chaki, maana sikutembea bila chaki siku hizo, nikauchorea mtungi macho, pua na mdomo unaocheka, ili aone pa kuchonga. Aliporudi alicheka hadi akakaa chini.

"Mpwa wangu," akasema, "kesho nenda ukateke maji na mke wangu."

Kijiji kile kiko juu mlimani, na maji yako bondeni. Kushuka tulishuka tukipiga soga. Kupanda, mtungi kichwani, nilinyamaza. Kwanza nilisahau njaa, kisha hasira, mwishowe sikuwa na uso wala mawazo. Nilikuwa shingo tu, na juu yake maji. Nilipoutua mtungi uani nikakitazama kinyago, nikaanza kucheka peke yangu kwa furaha. Kumbe kitu kinaweza kuwa kweli bila kufanana! Nikaifuta chaki kwa upindo wa khanga yangu, na mimi na kalenda tukaachana siku hiyo.

Masasi hofu ikanirudia. Kina mama walikaa mikekani nje ya kanisa. Nikafungua gunia. Mmoja akauliza kwa upole kama kichwa kimevunjikia njiani.

Kabla sijajibu, bibi mmoja mzaliwa wa Newala, mwenye ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu, akasogea. Akakishika kinyago shingoni, kisha akajishika shingo yake.

"Huyu katoka bondeni sasa hivi," akasema. "Mbona mnamtazama tu? Mpokeeni mzigo."

Wakacheka, na mara kila mmoja akataka kumshika. Muuguzi tulimpa mkeka mzuri wa ukindu. Kina mama walikataa katakata mwanamke yule wa mti apelekwe Ulaya; walisema amekwishatembea vya kutosha.