Jumamosi Mama Alipopanda Mashua

Ule moshi wa bandia wanaopuliza ukumbini una harufu yake, tamu kidogo, kama sukari iliyoanza kuungua. Kila nikiunusa kwenye harusi zetu huku ughaibuni, Brooklyn Park, namkumbuka mama yangu akiwa amelala mdomo wazi. Simtanii. Kiangazi kile nilikuwa na miaka minane, na mama alitununulia tiketi za msimu mzima za bustani ya michezo iliyojengwa kwa mtindo wa sinema, ng'ambo ya mto wa mji wetu. Kila Jumamosi asubuhi alitoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akanipitia, tukaenda, naye hata viatu vya kazi hajabadilisha. Tulifika lami ikiwa bado imelowa maji ya kuoshea, bisi ndiyo kwanza zinaanza kupasuka. Mitaa yake ilikuwa ya mbao zilizopakwa rangi, maduka yana milango lakini ndani hamna kitu.

Yale matreni ya kurusha watu juu chini mama hakutaka hata kuyatazama. Tulikwenda kwenye maonyesho: watu wanaanguka kutoka paani, mvua ya kutengeneza, milipuko, na moshi ule ule wa bandia. Nilidhani anayapenda sana. Alichopenda ni kiti na giza. Taa zikizimwa, naye kazimika. Baadaye alinipeleka kwenye farasi wa kuzunguka na kwenye mashua zinazokwenda polepole mferejini, yeye akakaa benchi. Kila wiki nilimwomba apande nami. "Panda, mwanangu, nakuona kutoka hapa." Anaona nini, na macho kafumba? Watoto wengine wote walikuwa na mtu pembeni yao. Mimi nilikuwa na nafasi tupu, na hasira ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Jumamosi moja onyesho likaisha, watu wakatoka, mama hakuamka. Dada mmoja mfanyakazi wa pale akaja na ufagio, akaniuliza kwa Kiingereza kama mama ni mzima. Niliogopa watatutoa. Nikamjibu, "Anasali." Masikini, yule dada akanyata kurudi nyuma, akawanong'oneza wenzake, wakafagia kumzunguka kama wako kanisani. Onyesho la pili likaanza, na milipuko yake yote, mama kichwa chini. Alipofumbua macho, dada akamwambia kwa heshima kwamba hajawahi kuona mtu mwenye imani kiasi kile.

Mama akanigeukia. "Umemwambia nini?"

"Kwamba unasali."

"Wewe mtoto! Umenisingizia sala? Mimi, na mkoromo huu?"

Alicheka mpaka akashikilia kiti cha mbele. Kisha akasimama, akajifuta machozi. "Haya, twende nikatubu kwenye hiyo mashua yako."

Alipoketi, mashua ikainama upande wake. Akatumbukiza mkono majini, akaniuliza jina la mwalimu wangu, maana hakulijua, na rafiki yangu ni nani, na kwa nini sipendi maziwa ya shuleni. Mfereji ule ulikuwa mfupi. Alikuwa macho njia nzima.

Shule zilipofunguliwa akachukua na shifti za mwisho wa wiki, hatukurudi tena. Shangazi yangu hupenda kusema mama alinilea kwa simu. Shangazi aje anyanyue wazee kitandani miaka kumi na minane, halafu tuongee.

Sasa mama yuko Morogoro, mgongo umeisha, analala anapotaka. Anayenyanyua wazee ni mimi. Binti yangu ana miaka mitano. Nikirudi kutoka kazini nikajilaza, hunifungua kope kwa vidole vyake na kuniuliza kwa Kiingereza kama nimo humo ndani. Jumapili nilimpigia mama, nikamlilia kwa hasira jinsi nilivyochoka. Hakunipa pole. "Amka basi," alisema, "mtoto anakua." Yeye wa kuniambia hivyo! Nikamjibu vibaya, nikakata simu, kisha nikakaa pale jikoni nikimtamani kama mtoto wa miaka minane.