Mama Maria na Koja la Asumini

Mume wangu alikuwa fundi wa milango, na Chumbageni nzima hakuna aliyemshinda kwa mawaridi na minyororo ya mbao. Kiumbe hakuwahi kuchonga, hata panya. Kwa hiyo siku aliponiambia kwamba amekubali kuchonga Mama Maria, nilidhani jua limemwingia kichwani.

Kulikuwa na maonyesho ya sanamu yakitayarishwa katika ukumbi mmoja wa Usagara, sanamu za mambo ya dini, na watu wa kila dini waliombwa walete zao. Jirani yetu, mama wa Kikatoliki aliyekuja pwani na mumewe kwa kazi ya mkonge, ndiye aliyemwomba awachongee Mama. Ataonyeshwa kwanza ukumbini, kisha atakaa katika kanisa lao dogo huko shambani. Mume wangu alikuwa hatulii kwa furaha. Miaka yote watu walipita katikati ya kazi yake wakienda zao kula. Sasa wangesimama waitazame.

Baba yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, alipopata habari alikuja asubuhi ile ile, hata kahawa akaikataa.

"Mkwe wangu hachongi chenye roho," alisema. "Akichonga, wewe mwanangu funga nguo zako urudi kwangu."

Nililia, nikagomba, nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii babaye. Mwishowe akalegea kidogo, akatoa ruhusa aliyoipata kwa walimu wake wa zamani: sanamu ikatwe mstari shingoni, mstari wa kuonekana, ijulikane na kila mtu kwamba haipumui wala haina roho. Pasipo mstari, sina mume.

Gogo la mvule likaletwa uani. Tezo ikalia, patasi ikalia, na mimi nikalia nazo, maana vumbi liliingia hadi kwenye unga. Uso ulipoanza kutokea wanawake wa mtaa walisema Maria amefanana nami. Nilikasirika sana, kwa sababu pua ile ilikuwa ya wifi yangu kabisa. Lakini kila mume wangu alipomaliza kuusugua kwa msasa nilikwenda kuupapasa kwa siri, na nilimpenda Maria yule, sifichi.

Ilipofika siku ya kukata mstari, mume wangu alishika patasi akasimama tu.

"Kata," nikamwambia, "au wataka niolewe na mwingine?"

Akakata, sikio kwa sikio, chini ya kidevu, safi kama kazi zake zote. Chakula cha mchana hakukigusa.

Ukumbini palijaa. Walutheri wa milimani walileta msalaba mtupu, na mzee wao alimweleza kila mpitaji kwamba wao hawamweki mtu juu yake. Mwenye duka mmoja, Mhindi Mwislamu aliyewaazimisha meza, alizunguka akikagua meza zake tu, macho hayapandi juu hata kidogo. Mimi nilijipamba kama naenda harusini, kanga mpya na koja la asumini shingoni, nikasimama kando ya Maria wetu nikiona fahari.

Wanawake wa mashambani wakaingia wakiimba, jirani yetu mbele. Akapiga goti, akainua macho, akauona mstari.

"Jamani! Wamemchinja Mama!"

Wimbo ukakatika. Wengine wakaanza kulia. Mume wangu akajaribu kuwaeleza kwamba si kumchinja, ni kuhakikisha tu kwamba hayuko hai, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

"Fundi," jirani akasema, machozi yanamtoka, "zibeni huo mstari kwa nta, sasa hivi. La sivyo, tunamfunika kanga tunaondoka naye. Mama haonyeshwi watu kakatwa shingo."

Mume wangu akanitazama. Mlangoni nikaiona kofia ya baba ikija katikati ya watu. Mstari ukizibwa, narudi kwetu. Maria akifunikwa, kazi ya mume wangu inatoka pale haijatazamwa na mtu. Niliwachukia wote kwa pamoja, baba na mistari yake, wanawake na vilio vyao, hata Maria mwenyewe aliyekaa kimya kama hayamhusu. Nikalivua koja langu, nikamvisha yeye, asumini ikalala pale pale juu ya mstari.

"Haya!" nikasema kwa hasira. "Mstari upo, na hauonekani. Mwataka nini tena?"

Jirani yetu akafuta machozi. Akasogea, akagusa maua kwa kidole kimoja, akanusa kidole. Kisha akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika bandarini. Wenzake wakapokea, wakaanza kumzunguka Maria wakicheza, na Mhindi wetu akakimbilia kushika meza yake isianguke.

Baba akafika.

"Shikamoo, baba," tukasema mimi na mume wangu.

"Marahaba."

Kwa ncha ya fimbo yake akaliinua koja. Vigelegele vikafa. Akautazama mstari, kisha akautazama uso, na akautazama muda mrefu, yeye ambaye njiani huinamisha macho wanawake wakipita. Akalishusha koja. Lilikaa upande. Akarudisha fimbo, akalisogeza polepole mpaka likakaa sawa.

"Twende nyumbani," akaniambia.

Nikamshika mume wangu mkono.

"Kwa nani, baba?"

"Kwa mumeo. Kwani una nyumba ngapi? Nina njaa."