Nilivyomtafutia Dresa Eliamini Baraza la Walioacha Pombe

Walisema sitafika. Pale kwetu Vudee walisema mtoto wa mkulima wa maharage hawezi kumaliza masomo ya uganga wa hospitali. Nilipomaliza, wakasema nitapotelea mjini. Niliporudi Same na diploma yangu, wakasema sitadumu katika hospitali ya serikali. Nilidumu mpaka kustaafu. Enzi hizo za Mwingereza, Waafrika wenye karatasi kama yangu walikuwa wachache katika Upare nzima, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Siku ya kwanza kazini nilivaa kaptula nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Mlangoni nilimkuta dresa, yaani mfunga vidonda wetu, Mzee Eliamini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bwana Mganga. Umependeza! Damu ya kwanza leo itatua hapo," akasema, akionyesha kaptula yangu.

Na ilitua hapo. Sijaona mtu aliyefunga kidonda kwa upole kama yeye. Lakini kila asubuhi mikono yake ilitetemeka mpaka aende nyuma ya jiko na kurudi akinuka dengelua, pombe yetu ya miwa.

Bwana Mganga wa Wilaya, Mwingereza mrefu asiyependa kukaa kitini, aliniita. "Ini la Eliamini limevimba. Akiendelea, atakufa. Tena nikimnusa kazini, namfukuza. Wewe una diploma, fanya kitu."

Nilifanya nilichofundishwa. Nilimlaza wodini, nikafunga mlango, nikamkatia pombe kabisa. Waganga wa leo wanajua kwamba mlevi wa miaka mingi hakatiwi ghafla, maana mwili wake huasi. Eliamini alitokwa jasho, akapangusa siafu wasiokuwapo shukani, kisha akashikwa na kifafa. Nilimwokoa kwa dawa ya usingizi. Alipopata nguvu alitoka, akaenda moja kwa moja kilabuni karibu na stesheni.

Hapo nikajua kwamba dawa huitoa pombe mwilini, lakini mtu huyu alihitaji watu wa kukaa nao asinywe. Nikaanza kumtafutia.

Kwanza nilimpeleka milimani, kanisani, kwenye chama cha waliokataa pombe. Pale mtu aliapa mbele ya usharika, na aliyeanguka alihamishiwa benchi la nyuma. Eliamini aliapa. Siku ya gulio akanywa. Alikaa lile benchi Jumapili moja tu, kisha aibu ikamrudisha kilabuni.

Nikamteremsha Makanya, kwa wafanyabiashara Waislamu waliokuwa wakinywa kahawa pamoja baada ya sala ya jioni. Walimkaribisha bila kumuuliza dini. Mmoja akamuuliza kwa heshima, "Hivi, Mzee, hiyo pombe ina ladha gani?"

Tulipokuwa tukirudi, Eliamini aliniambia, "Watu wema sana. Lakini nitaongea nao nini? Hawajawahi hata kuinusa!"

Mwisho nikampandisha Vudee kwetu. Kule baragumu likilia, kila nyumba hutoa mtu kwenda msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji na ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Kazi ikiisha, huletwa dengelua. Nilikuwa nimesikia kwamba watu kadhaa hawakai kwenye mitungi. Hupanda na majembe yao mpaka chanzo cha maji, wakafanya kazi huko hadi pombe imalizike chini. Aliyewaongoza alikuwa Mama Naetwa, mjane aliyekuwa mpikaji wa dengelua, na mnywaji wake pia.

"Shikamoo, Mama. Mimi ni Mganga wa Same, nina diploma ya..."

"Marahaba. Uliwahi kulewa?"

"Hata siku moja!"

"Basi tuachie mgonjwa. Wewe shuka ukanywe uji kwa mama yako."

Wanaume wakacheka. Nilishuka.

Jioni nikamuuliza Eliamini, "Wamekuapisha?"

"Nani amwapishe nani? Nimesema jana nilikunywa. Wakanipa jembe. Mama Naetwa ananijua, ndiye aliyekuwa akiniuzia."

Alianguka tena, akapanda na harufu yake, akapewa jembe. Halafu akaacha kuanguka. Bwana Mganga wa Wilaya alinung'unika, "Nimpe mtu ruhusa akachote tope?"

"Ndiyo, Bwana. Hiyo ndiyo dawa, na mimi ndiye niliyeipata."

Mikono ikatulia. Lakini ini lilikuwa limeshaharibika. Macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji. Niliyatoa kwa sindano nene, yakarudi. Tukamlaza wodini, na wale wa Vudee wakawa wanashuka kwa zamu kukaa naye.

Siku ya mwisho zamu ilikuwa ya Mama Naetwa. Mdogo wake Eliamini aliingia na kibuyu. "Bwana Mganga, anakufa huyu. Mwacheni basi aonje. Itamdhuru nini sasa?"

Hakuna somo lililonifundisha hilo. Kibuyu kikafika midomoni.

Eliamini hakuwa na sauti tena. Aliifumba midomo yake, dengelua ikamwagika kidevuni hadi kwenye shuka. Ndugu yake akajaribu tena. Akaifumba tena.

Nimestaafu nikiwa na sifa nyingi, na wengi niliowatibu bado wanatembea. Eliamini alifariki jioni ile. Mama Naetwa alimfuta dengelua kidevuni kwa tambaa, akalikamua nje ya dirisha.