Ndege Haipite Tenke

Munanichokesha na hii habari ya Mama Mwenze. Kapata nzima, mutaa wetu wa Kolwezi, inaijua, lakini kila mara ni mi banatuma kuisema, sawa vile bengine hawana midomo. Basi, leo naiandika, na sitairudilia.

Mama Mwenze alikuwa na binti mumoja tu, Falonne, mwenye aliolewa Kinshasa. Falonne akazaa mutoto wa kwanza. Na kwetu, kizazi cha kwanza, mama ya kukuzaa njo anakukanda na maji ya moto, si mwingine. Mama Mwenze akafunga valizi ya nguo siku ileile, apande ndege.

Ila miguu yake inavimba. Dokta alisema: kukaa ku kiti, masaa tatu, asipitishe. Na Tata Mukuna, ndugu mudogo wa marehemu bwana yake, njo mukubwa wa familia sasa. Alitumika ku chemin de fer, kazi ya treni, maisha yake yote. Akaita jamaa ku salo ya nyumba, kwenye karte, ile ramani ya Congo ya ukutani, akalaza uzi juu yake: Kolwezi, Tenke, Kamina, Ilebo, halafu muto, na mashua, mpaka Kinshasa. Kidole kimoja akakigandamiza pa Tenke, kwenye reli zinakutana.

“Kilometa elfu mbili na mia tatu,” akasema. “Ndege inakimbia mia sita kwa saa. Ni karibu masaa ine. Shemeji, utabaki. Falonne, mama mukwe wake atamukanda.”

Hapo njo alikosea. Mama Mwenze akasimama, na ile miguu yake.

“Shemeji, ndege inapita Tenke kufanya nini? Kubadilisha mabehewa?”

Bantu bakacheka chini chini. Mukuna hapana.

“Ukitoka Kolwezi unaenda mbali, Mama, lazima upite Tenke.”

“Ile ni treni yako. Toa kidole.”

Hakutoa. Mama Mwenze akakiondoa mwenyewe, akashika uzi pa Kolwezi, akauvuta mpaka Kinshasa, ukakaza sawa kamba ya kuanika nguo. Kipande kirefu kikabaki kinaninginia.

“Sasa pima. Namba za karte ni weye unazijua, si mi.”

Mukuna akapima. Akapima tena. Akavua miwani, akaifuta.

“Elfu moja na mia tatu,” akasema pole pole.

“Masaa ngapi?”

“Mbili na kidogo.”

“Sema kwa nguvu. Bale ba ku mulango hawakusikia.”

Akasema kwa nguvu. Na njo ye mwenyewe alibeba valizi mpaka kiwanja cha ndege, juu ya kichwa, Kapata nzima ikitazama.

Falonne akakandwa na mama yake mpaka ngozi ikang'aa. Lakini kabla ya kugusa maji, Mama Mwenze alipiga simu Kolwezi: “Shemeji, nilikaa ku dirisha. Tenke sikuiona.”

Weye mwenye umesoma, usikae tu. Kama kuna mama yako ulimuambia njia ni ndefu, chukua uzi, uvute ku karte, halafu umuite akuye kwako. Kiisha ukuye hapa Kapata uniambie umepata ngapi. Na ukuye na sukari ya chai, mukono wangu umechoka kuandika.