Kadi Haikuwa Imelegea

Tulikuwa watatu ndani ya stoo asubuhi ile: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, na mama jirani, ambaye tunachumiana chai kwa zamu, leo kwake, kesho kwetu. Wa nne alikuwa mwalimu wa chuo cha mdogo wangu, lakini yeye tulimsikia kwenye simu tu.

Mimi niliacha shule darasa la saba, wazazi wetu walipofariki, nikabeba kikapu cha chai ili mdogo wangu asome. Kompyuta alinifundisha yeye. Tulinunua moja kuukuu ya ofisi, tukaiweka mezani kando ya magunia ya mbolea, tukaifanya seva, mashine ya kuhifadhi tovuti: ndani yake ziliishi kompyuta tatu pepe, za programu tu, kila moja ikidhani iko peke yake. Katika moja ndimo alimojenga tovuti yake ya mtihani wa mwisho. Mwalimu angeifungua kutoka chuoni asubuhi hiyo saa nne kamili na kuitia alama.

Saa tatu na nusu tulipoiwasha mashine, mtandao haukuwepo. Taa ndogo pale waya unapoingia ilikuwa imezimika. Nilibadilisha waya. Nikazima mashine, nikawasha tena. Seva haikuiona kadi ya mtandao kabisa.

"Jana ulitoa magunia hapa," nikamwambia mdogo wangu.

"Nilitoa, dada. Lakini sikuigusa."

"Basi kadi imejing'oa yenyewe? Wewe huwezi kuinua gunia bila kugonga meza!"

Mama jirani akacheka mlangoni, kikapu mgongoni. "Mikono ya mbolea hiyo! Kijana, kompyuta si ng'ombe, haisukumwi na goti."

Nilicheka naye, na katikati ya kicheko nikakumbuka. Jana yake saa kumi, mdogo wangu akiwa amepeleka majani kupimwa, ujumbe wa kusasisha mfumo ulitokea, nami nikakubali. Alikuwa amenionya: "Dada, usisasishe chochote mpaka nimalize." Kadi ile ilitaka dreva yake, programu ndogo ya kuiwezesha mashine kuitumia, na dreva hiyo tuliijenga wenyewe kwa mfumo wa zamani. Mfumo mpya, ulioanza kutumika tulipoiwasha mashine asubuhi, haukuwa nayo. Nilikubali kwa sababu nilitaka, walau mara moja, kufanya jambo la kompyuta bila kumuuliza.

Ningeweza kusema hapo hapo. Badala yake nilichukua bisibisi, nikafungua mashine, nikachomoa kadi, nikaipuliza vumbi, nikairudisha.

"Ona ilivyokuwa imelegea," nikasema.

Haikuwa imelegea.

Mdogo wangu aliwasha tena, akaketi, akaandika amri moja. Orodha ya mabadiliko ikajaa kwenye skrini: mfumo umesasishwa jana, saa kumi na dakika sita. Aliisoma. Hakunitazama. Aliigeuza skrini ikaelekea ukutani, mama jirani asiione, kisha akaanzisha mashine upya na kuchagua mfumo wa zamani. Taa ikawaka kijani. Ilikuwa saa nne na nusu.

Mwalimu akapiga simu. Nilisikia sauti yake yote.

"Nilisogeza mashine, mwalimu," mdogo wangu akasema. "Kosa ni langu."

Mwalimu alisema muda ulikuwa umepita, na kwamba mwanafunzi wake atarudia mtihani huo muhula ujao. Mdogo wangu akajibu, "Asante, mwalimu." Akavaa gambuti, akachukua kikapu. Ilikuwa zamu ya shamba la mama jirani. Tulichuma mistari mitatu sambamba, na aliniuliza tu kama nina maji.

Hadi leo, kwenye kituo cha kupimia majani, mama jirani humwita Mikono ya Mbolea. Watu hucheka. Yeye pia hucheka, mizani ikipanda na kushuka, nami nimesimama nyuma yake na sentensi yangu moja mdomoni: Ni mimi niliyeharibu.

Siku za kuchumiana, mimi na mama jirani tumelipana zote. Sentensi hiyo bado sijailipa.